Bundi juu ya bati: ni yupi, anatafuta nini, na amehusianaje na msiba

Saa nane za usiku kitu kinatua juu ya bati. Kucha zinakwaruza, kimya kidogo, halafu inatoka sauti ndefu na kavu, kama shuka inayochanwa kwa mikono. Aliyelala anaamka. Kama ndani mna mgonjwa, hakuna atakayelala tena, na kukipambazuka vijana wataanza kuokota mawe.

Habari hiyo haina uongo ndani yake. Ndege alitua kweli, akalia kweli, mgonjwa yumo, na pengine wiki haitaisha kabla ya kaburi kuchimbwa. Wazee waliotuachia imani ya bundi walisikia sawasawa. Sababu ndiyo waliyoikosa. Ili kuipata sababu hiyo inabidi kwanza kumjua ndege mwenyewe, maana wengi wanaomwogopa bundi hawajui wanamwogopa yupi.

Jina moja, ndege wengi

Kenya na Tanzania kila moja ina aina zaidi ya 15 za bundi. Yule mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Kilifi, ana gramu 50 hivi, sawa na yai la kuku. Mkubwa kuliko wote Afrika, Bubo lacteus, anapita kilo mbili na ana kope za rangi ya waridi kama mtu aliyepakwa wanja usio wake. Huyo hukamata kanga, sungura, na hata kalunguyeye, ambaye humchuna ngozi yenye miiba kabla ya kumla. Kamusi zetu zimehifadhi maneno babewatoto na babewana kwa bundi mkubwa, lakini mazungumzo ya kila siku yamewaweka wote kwenye kapu moja: bundi.

Anayetua juu ya bati mara nyingi ni mmoja tu kati yao, Tyto alba, ambaye hapa tutamwita bundi wa darini. Uso wake ni mweupe na una umbo la kopa ya karata. Hana zile “pembe” za manyoya kichwani. Mgongo ni wa kahawia ya dhahabu na kijivu, tumbo ni jeupe, miguu mirefu. Taa ya gari ikimpata angani, tumbo hilo hung'aa na kuonekana kama kitambaa cheupe kinachoelea bila mtu, na hapo ndipo habari nyingi za mizimu ya barabarani zinapoanzia. Huyu hasemi “huu”. Anapiga ukelele mkavu. Makinda yake ndiyo balaa zaidi: wakiwa na njaa hutoa sauti kama mtu mzima anayekoroma, au tairi linalovuja upepo, kuanzia magharibi hadi alfajiri, wiki baada ya wiki. Msikiti, kanisa, shule au nyumba ya zamani yenye “mtu anayekoroma darini” ina makinda wa bundi.

Wengine hutambulika kwa sauti kuliko kwa macho. Bundi wa pembe mwenye madoa, Bubo africanus, ndiye wa “huu-huu” nzito, dume akianza na jike akijibu kwa pumzi tatu. Bundi wa misitu, Strix woodfordii, huimba kwa kupokezana, wenza wawili, kwa mdundo wa haraka unaopanda na kushuka. Ukimsikia kwenye miembe mikubwa au kando ya mto utadhani watu wawili wanabishana kwa mafumbo. Kibundi cha nyikani, Otus senegalensis, hutoa “prrup” moja fupi, ananyamaza sekunde tano hadi nane, anarudia, na anaweza kuendelea hivyo usiku kucha. Wengi hudhani ni mdudu au chura. Na yupo kibundi mwenye madoa ya lulu, Glaucidium perlatum, asiyengoja hata giza. Huwinda mchana, hupiga mluzi unaopanda polepole, na kisogoni ana madoa mawili meusi yanayofanana na macho, kiasi kwamba ndege wadogo wanaomzomea hawajui uso wake uko upande gani.

Halafu kuna sauti za usiku ambazo bundi husingiziwa tu. Komba mkubwa hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa. Pelele, ambaye Unguja wengine humwita perere, hupandisha mlio wake kwa kukwaruza hadi unakuwa yowe la mtu anayenyongwa. Kwa maoni yetu, nusu ya habari za “bundi aliyelia kama mtoto kwenye mbuyu” ni za komba, na si ajabu hata jina babewatoto likawa na deni kwake.

Wale walio hatarini kwelikweli hawajawahi kukanyaga bati la mtu. Bundi wa Pemba, Otus pembaensis, hapatikani popote duniani ila kisiwani humo: msitu wa Ngezi, vichaka vilivyobaki, na mashamba ya mikarafuu yenye miti mizee. Wanasayansi walimwandika mwaka 1937. Bundi wa Sokoke, Otus ireneae, aligunduliwa mwaka 1965, na mbali na Arabuko-Sokoke anajulikana katika miteremko ya chini ya Usambara Mashariki. Hao wawili wanaumizwa zaidi na shoka kuliko manati. Mti mzee wenye tundu ukikatwa kwa mkaa, nyumba imekwenda, na mche uliopandwa badala yake utachukua miongo mingi kabla haujapata tundu la kulalia.

Kwa nini nyumba yenye mgonjwa

Bundi wa darini hahitaji sababu ya ajabu kuja kwako. Hajengi kiota, anataka pango, na dari yenye tundu ni pango. Anataka mahali pa juu pa kutulia akisikiliza, na paa lililo kando ya jalala, kihenge, ghala la mahindi au banda la kuku ni mahali bora kuliko tawi lolote. Nyumba zetu zinampa panya na kitanda kwa pamoja.

Nyumba yenye mgonjwa inaongeza mambo mawili. La kwanza ni dogo: taa inawaka hadi usiku wa manane, wadudu wanaifuata, mijusi wanawafuata wadudu, uji unapikwa saa zisizo za kawaida na makombo yanabaki, na panya hajambo. La pili ndilo zito. Watu wako macho. Bundi yuleyule alilia mwezi uliopita, na mwezi wa kabla ya huo, lakini nyote mlikuwa usingizini. Leo watu sita wamekaa kimya kuzunguka kitanda wakisikiliza kila pumzi, na masikio yao yamefunguka kuliko wakati wowote wa mwaka.

Mvua nayo inachangia. Manyoya ya bundi wa darini yametengenezwa kwa ukimya, na kwa sababu hiyo hayazuii maji vizuri. Usiku wa mvua kubwa hawezi kuwinda sawasawa. Anabaki karibu na paa, makinda wanashinda njaa, na makelele yanaongezeka. Masika hayohayo yanakuja na malaria. Kwa hiyo bundi anayesikika sana na homa inayoua sana vinaweza kuangukia majuma yaleyale bila kimoja kukiita kingine.

Anayetaka kupima imani hii nyumbani kwake hahitaji mtaalamu. Chukua daftari, piga mistari minne: tarehe, saa, sauti ilivyokuwa, na msiba wowote wa ukoo au jirani ndani ya siku saba zinazofuata. Andika kila usiku kwa miezi mitatu, ukiandika pia usiku ambao hukusikia kitu. Kosa linaloharibu zoezi hili ni kuanza kuandika baada ya msiba, kwa kukumbuka nyuma. Kumbukumbu huhifadhi usiku mmoja uliotangulia mazishi na kutupa sitini zilizopita salama. Ndiyo maana hadithi ya bundi haizeeki: kila anayekosea utabiri anasahauliwa siku hiyohiyo.

Ndege, kwa maana zote

Kiswahili chenyewe kimebeba imani hii ndani ya neno la kawaida. Ndege ni kiumbe mwenye mabawa, na ndege pia ni dalili ya heri au shari. Mtu aliyeanza safari akakutana na jambo zuri amepata ndege njema. Aliyejikwaa mlangoni ana ndege mbaya. Sarufi inazitenganisha: ndege huyu, ndege hii. (Ile inayotua uwanjani nayo ni ndege hii, lakini nuksi yake ni ya kuchelewa tu.) Kiarabu kina udugu uleule kati ya neno la ndege na tiyara, yaani kupiga ramli kwa mwendo wa ndege.

Na kwa Waarabu wa kabla ya Uislamu bundi alikuwa na kazi maalumu. Waliamini kwamba mtu akiuawa na kisasi kisilipwe, roho yake hutoka kichwani kwa umbo la ndege wa usiku aitwaye hama, akazunguka kaburi akilia, “Ninywesheni, ninywesheni,” mpaka damu ya muuaji imwagike. Mtume alilikataa jambo hilo kwa jina, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim inayosema hapana tiyara wala hama. Kwa hiyo mwambao wetu una hali ya kuchekesha kidogo: dini iliyokuja na jahazi ilifika na katazo dhidi ya mkosi wa bundi, ikakuta mkosi huo unakaa hapa tayari, na vyote viwili vimeishi mtaa mmoja tangu hapo. Mtu atamwondoa bundi kwa mawe na kumkinga mgonjwa kwa dua, mkono huu na mkono ule.

Bara hali ni ileile kwa maneno mengine. Kikuyu humwita ndundu, Kijaluo tula, Kiganda ekiwuugulu, Kinyarwanda igihunyira, na kwa wengi wa wenyeji wa lugha hizo kilio chake karibu na boma hakipokelewi kwa furaha. Ukiyatamka majina hayo polepole, utasikia mengine yanamwiga ndege mwenyewe.

Uchawi ni tawi jingine, na lisichanganywe na mkosi. Anayeamini mkosi husema bundi anatangaza kifo. Anayeamini uchawi husema bundi ametumwa na mtu kuleta kifo. Tofauti hiyo ina matokeo. Mwenye imani ya kwanza anamfukuza ndege, basi. Mwenye imani ya pili anaanza kuuliza ni nani aliyemtuma, na jibu kwa kawaida humwangukia bibi kizee anayeishi peke yake, hasa kama paa lake ndilo lenye tundu. Anayeeleza habari za bundi kijijini ajue kwanza anazungumza na imani ipi kati ya hizo mbili.

Ukimya unavyotengenezwa

Kinachomfanya bundi aonekane wa kichawi zaidi ni kwamba hatangulizwi na sauti. Kunguru akipita juu unasikia hewa ikipigwa. Bundi wa darini anapita mita mbili kutoka sikioni na husikii kitu. Siri iko sehemu tatu za unyoya wa bawa. Ukingo wa mbele wa unyoya wa nje una meno laini kama kitana, yanayoikata hewa vipandevipande. Uso wa juu una vinyweleo kama mahameli, ili manyoya yakisuguana yasichakarishe. Ukingo wa nyuma umechanika kama matamvua ya kikoi, na hapo ndipo kelele ya mwisho hufia. Ongeza kwamba ndege mwenye gramu 300 hadi 500 hivi ana mabawa yanayokaribia sentimita 90 yakikunjuliwa, kwa hiyo anaweza kuruka polepole mno bila kuanguka.

Linganisha na bundi mla samaki, Scotopelia peli, wa Rufiji na mito mingine mikubwa. Chakula chake kiko chini ya maji na hakisikii mabawa. Basi hana kitana wala matamvua kama wenzake, anaruka kwa kelele, miguu yake haina manyoya yasije yakalowa, na uso wake hauna lile sahani la kukusanyia sauti. Ukimya una gharama, na asiyeuhitaji hakupewa.

Lile umbo la kopa usoni ni sikio kwa maana halisi. Manyoya magumu ya ukingoni hukusanya sauti na kuipeleka kwenye matundu mawili ya sikio yaliyofichika nyuma yake, na matundu hayo hayako usawa mmoja: la kushoto liko juu kidogo na hupokea zaidi sauti zinazotoka chini, la kulia liko chini na hupokea zaidi zinazotoka juu. Panya akichakarisha jani upande wa kulia, sauti hufika sikio la kulia mapema kwa muda usiozidi moja ya tano ya sehemu ya elfu ya sekunde. Ubongo wa bundi unausoma mwanya huo na kujua kulia au kushoto. Tofauti ya nguvu ya sauti kati ya masikio mawili inamwambia juu au chini. Kwa pamoja anaelekeza kichwa bila kukosea zaidi ya digrii mbili hivi.

Majaribio ya wanasayansi Roger Payne na Masakazu Konishi huko Marekani yaliondoa shaka. Katika chumba chenye giza totoro, bundi alimkamata panya bila kuona chochote. Panya alipofungiwa kipande cha kitu kinachochakarisha nyuma yake, bundi alikishambulia kile kipande na kumwacha panya. Kumbe hanusi, haoni gizani kwa muujiza; anafuata mchakaro.

Macho yake ni makubwa, marefu kama bomba, na hayazunguki ndani ya fuvu. Akitaka kutazama pembeni lazima ageuze kichwa, na anaweza kukigeuza hadi digrii 270. Si duara kamili kama watu wanavyosimulia. Ana pingili 14 za shingo, sisi tuna saba, na vitundu vya mifupa vinavyopitisha mishipa ya damu kuelekea kichwani ni vipana kuliko mishipa yenyewe, ili shingo ikizungushwa mshipa usibanwe. Halafu macho yote mawili yanatazama mbele, na akipepesa hushusha kope ya juu kama mtu, tofauti na ndege wengi. Ukikutana naye dirishani, unatazamwa na kitu chenye uso. Hofu ya hapo haihitaji kufundishwa.

Panya, na hesabu isiyopendeza

Bundi hana kifuko cha chakula shingoni kama kuku. Panya anamezwa mzima, na manyoya na mifupa isiyosagika hurudishwa kwa mdomo ikiwa donge. La bundi wa darini ni jeusi, linang'aa likiwa bichi, urefu wa sentimita tatu hadi saba, na hutoka moja au mawili kwa siku. Hicho ndicho watu wanachokikuta chini ya tundu wakadhani ni “dawa” iliyotupwa na mchawi: nywele na mifupa iliyofungwa pamoja. Kwa kweli inafanana nayo.

Lifungue ujionee. Loweka donge katika maji vuguvugu saa moja, lichambue kwa vijiti viwili juu ya gazeti, tenga mafuvu na mataya ya chini. Hesabu mafuvu, au gawa mataya kwa mbili. Kuna pengo kubwa kati ya meno ya mbele na magego? Huyo ni panya. Meno yanafuatana bila pengo, fuvu refu jembamba? Huyo ni kirukanjia. Donge moja huwa na wanyama kadhaa. Vaa glavu, na usifanyie zoezi hili kwenye meza ya chakula.

Kwenye mashamba ya mahindi ya Tanzania wengi wa panya hao ni panya shamba, Mastomys natalensis. Jike anaweza kuwa na chuchu 24. Mimba ni siku 23, na uzao mmoja hufika watoto kumi na zaidi. Mvua zikianza mapema na kwa wingi, vizazi vinafuatana haraka, na shamba lililopandwa leo linafukuliwa mbegu kabla hazijaota.

Hapa wapenzi wa bundi, sisi tukiwamo, huwa tunatia chumvi. Utafiti wa Morogoro uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha mashamba ya aina tatu: yaliyoachwa kama kawaida, yaliyofunikwa kwa nyavu ili wanyama na ndege wawindaji wasiingie, na yaliyowekewa masanduku na miti ya kutulia ili kuvuta ndege wawindaji. Panya waliokingwa kwa nyavu waliongezeka haraka zaidi na kilele chao kikawa juu zaidi. Lakini yale ya masanduku hayakutofautiana sana na yale ya kawaida. Maana yake, wawindaji waliopo tayari wana kazi wanayoifanya, na kuwaua ni hasara. Ila kutundika sanduku moja na kungoja mlipuko wa panya ukome ni kujidanganya. Malaysia, katika mashamba ya michikichi, na Israel wametumia bundi kwa mafanikio makubwa zaidi, lakini huko masanduku ni mengi na huambatana na mbinu nyingine.

Visiwani tahadhari ni kubwa zaidi. Shelisheli walimleta bundi wa darini kutoka nje ili ale panya, akagundua kwamba ndege weupe wa baharini wanaotaga wazi juu ya matawi ni rahisi kuwakamata. Pale alipo kwa asili, kama Unguja na Pemba, aachwe. Pale asipokuwapo asipelekwe.

Sumu ndiyo kosa la kawaida kuliko yote. Dawa za panya zenye brodifakumu au bromadioloni haziui papo hapo. Panya hutembea siku kadhaa akiwa mlegevu, anatoka mahali pa wazi, na bundi humchukua huyo kwanza. Sumu inabaki kwenye ini la panya na kuingia kwa bundi. Ukitaka vyote viwili, yaani bundi na sumu, utabaki na sumu peke yake, mwaka baada ya mwaka, dukani. Tumia mitego, inua ghala mita moja kutoka chini, vika nguzo zake makoni ya bati.

Kama yumo darini mwako

Si kila mtu anataka kuishi naye, na harufu ya panya waliooza si jambo la kuvumilia kwa ajili ya sayansi. Kumhamisha kunawezekana bila kumuua, mradi mpangilio uwe sahihi.

Anza na kuuliza kama kuna makinda. Jike hutaga mayai manne hadi saba, akiacha siku mbili au tatu kati ya moja na jingine, na huanza kuatamia la kwanza papo hapo. Kwa hiyo makinda hupishana umri, mkubwa akiwa karibu kuota manyoya na mdogo bado ni donge jeupe. Chakula kikipungua mdogo hufa, na wakati mwingine huliwa na nduguze. Kuatamia ni siku 30 hivi, makinda hukaa wiki nane, kisha huendelea kurudi kulala kwa majuma mengine. Ukisikia ule mkoromo, usizibe kitu. Ukiziba, wazazi watabaki nje wakipiga kelele juu ya bati na makinda watafia ndani, nawe utakuwa na nzi na harufu kwa mwezi mzima.

Tundika sanduku kabla ya kuziba, karibu na tundu la sasa, ndani ya mita 30, ikiwezekana wiki sita mapema. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha. Sakafu iwe sentimita 60 kwa 45, urefu 65. Mlango wa mraba wa sentimita 13, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 45 juu ya sakafu. Kipimo hicho cha mwisho ndicho mafundi hukipuuza, wanaweka mlango chini kama wa njiwa, na makinda wanamwagika nje kabla hawajajua kuruka. Toboa matundu manne ya sentimita moja kwenye sakafu. Paa literemke na kuchomoza mbele. Ukitumia bati, weka ubao chini yake na uache mwanya wa hewa wa sentimita tano, la sivyo saa saba mchana sanduku ni tanuri. Ndani usipake rangi. Mwaga maranda ya seremala kimo cha sentimita tano, kwani bundi haleti nyasi. Kimo kutoka ardhini kiwe mita nne au zaidi, mbali na barabara kuu, na kama ni kwenye nguzo, ivike koni ya bati kuzuia kanu.

Adui mkubwa wa sanduku letu ni nyuki. Pango kavu la mbao ndilo hasa wanalolitafuta. Kupaka sabuni ya mche, ikiwa kavu, kwenye dari ya ndani hupunguza, kwa kuwa nta haishiki vizuri. Wakiingia, mwite mrina asali wakati wa magharibi, kisha kwangua nta yote. Harufu ikibaki, kundi jingine litakuja.

Kinda akianguka, angalia kwanza ni wa nani. Makinda wa bundi wa pembe na wa misitu hutoka kiotani mapema na kutembea matawini. Wazazi huendelea kuwalisha, basi mpandishe kwenye tawi mbwa asimfikie na uondoke. Wa bundi wa darini ni tofauti: wazazi kwa kawaida hawamlishi akiwa chini. Huyo arudishwe tunduni usiku huohuo kwa glavu nene, ukimshika miguu kwanza, kwa kuwa kinachoumiza ni kucha na si mdomo. Usimpe maziwa wala mkate. Kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa kisheria Tanzania na Kenya. Akiwa amevunjika, ita maofisa wa wanyamapori.

Dari ikishakuwa tupu, sindilia tunduni gazeti lililokunjwakunjwa, bila kulikaza. Likikaa siku tatu bila kusukumwa, hakuna aliyemo. Ziba kwa wavu wa kuku uliokunjwa mara mbili na kupigiliwa, usiku baada ya saa mbili. Taka za ndani usizifagie kavu, vumbi lake ni baya kwa mapafu: vaa barakoa na glavu, lowesha kwa maji ya sabuni, subiri nusu saa, kokota kwa sepeto kwenye viroba na uzike.

Na uwatangulie majirani kwa maneno. Bundi aliyefungiwa mlango huenda akarudi usiku wa kwanza, wa pili, hata wa tano, akatua palepale juu ya bati na kulia kuliko alivyowahi kulia alipokuwa mpangaji wako.